Kumtafuta rubani wa Babcia

Kila ukoo una mtu wake wa kutambia. Sisi Wameru wa Tengeru tunaye babu aliyeondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba yake ikachomwa moto na yeye amesimama anatazama, na kila Krismasi lazima mtu aisimulie upya hadithi hiyo na kuitia chumvi kidogo. Wakwe zangu walikuwa na rubani.

Rubani huyo alikuwa kaka yake Babcia. "Babcia", tamka "babcha", ni bibi kwa Kipolandi, na ndivyo nilivyomwita bibi yake mume wangu tangu siku ya kwanza hadi tulipomzika. Nilipoolewa nikahamia Lincoln, Uingereza, hadithi ya rubani nilikaribishwa nayo pamoja na supu nyekundu ya bitiruti. Alikuwa kijana mdogo. Aliruka na kikosi cha Wapolandi. Aliwaangusha Wajerumani, kisha na yeye akaanguka. Ukiuliza aliruka na ndege gani, mama mkwe anasema Spitfire, shemeji anasema Hurricane, na zikishashuka bia mbili shemeji anasema zote. Ukiuliza alianguka wapi, meza inanyamaza na mtu anakusogezea mkate.

Kitu kimoja tu kilikuwa na uhakika, nacho ni kaburi. Lipo Newark, mji mdogo, nusu saa kwa gari kutoka kwetu. Wanajeshi wa anga wa Poland wamelazwa pale kwa mamia, mstari kwa mstari, na mawe yao unayatambua kwa mbali: ya Waingereza yana kichwa cha mviringo, ya Wapolandi yamechongoka juu. Jenerali Sikorski, aliyekuwa waziri mkuu wao uhamishoni, naye alilala hapo tangu mwaka 1943 hadi alipohamishiwa Kraków mwaka 1993. Kaka yake Babcia yuko safu ya nyuma. Jiwe lake lina cheo kwa kifupi, jina, namba, na tarehe ya mwezi Februari 1945. Hakuna zaidi.

Naona nieleze kwanza Mmeru ameingiaje kwenye mambo haya. Mume wangu nilikutana naye makaburini, Tengeru, na simaanishi mafumbo. Ukienda kwenye chuo cha mifugo pale utayakuta makaburi ya Wapolandi ndani ya eneo la chuo, mia moja na kitu, chini ya miti. Sisi watoto tulikuwa tukipita karibu yake Jumamosi tukienda gulioni na hatukuyajali. Yeye alikuja kutafuta kaburi la mdogo wake Babcia aliyefia kambini akiwa mtoto wa miaka minne, akawa ameshazunguka nje ya uzio mara tatu bila kuona geti. Nikamwonyesha geti. Mengine ni mambo yetu.

Kambi yenyewe wazee wa Tengeru waliijua vizuri. Bibi yangu mzaa mama aliwauzia mayai na ndizi. Wapolandi wapatao elfu tano waliishi pale kando ya ziwa Duluti, karibu wote kina mama na watoto, kwenye vijumba vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Walikuwepo wengine Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na upande wa Uganda Masindi na Koja. Walitoka mbali mno. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940 askari wa Urusi ya Kisovieti waligonga milango mashariki mwa Poland, wakazipa familia muda wa kufunga mabunda, wakazipakia kwenye mabehewa ya ng'ombe kuelekea kaskazini, kwenye misitu ya Arkhangelsk. Babcia alikuwa na miaka minane. Walikata magogo kwenye theluji hadi Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, ndipo Stalin alipotaka urafiki na Wapolandi na wafungwa wakaachiwa. Watu wakashuka kusini kwa treni na kwa miguu kulifuata jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders lililokuwa likikusanywa. Mwaka 1942 wakavushwa bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wakabaki jeshini. Wanawake na watoto wakatawanywa: India, Mexico, na sisi.

Kabla ya kuvuka, kwenye stesheni moja huko Uzbekistan, kaka yake Babcia alijiandikisha. Kijana wa kujiweza. Walipokuwa wakiagana alimpa mdogo wake kijiko chake cha bati, maana jeshini angepewa kingine. Hakuonana naye tena. Kijiko tunacho.

Babcia alikuwa na Kiswahili chake, cha mwaka 1945, kilichogandia hapo hapo. Siku ya kwanza ananiona aliniambia "maji moto, haraka haraka", akacheka hadi akashika ubavu. Alijua kuhesabu hadi ishirini na kupatana bei ya ndizi. Kwa hiyo tulipatana. Alipofariki, mama mkwe akanikabidhi mimi kopo lake la karatasi, sio mwanawe wa kumzaa. Alisema, "Wewe ndiye unayelala mchana." Ni kweli, nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku, wazee wakitulia, mtu unaweza kusoma sana.

Ndani ya kopo: barua tatu, karatasi moja ya taarifa ya kifo, picha moja. Nikajiambia hii ni kazi ya wiki mbili. Imechukua miaka mitatu.

Ngoja niseme kwa nini kila Mpolandi wa Uingereza ana rubani kwenye ukoo wake. Ni kwa sababu ya mwaka 1940, Wajerumani walipoishambulia Uingereza kwa ndege. Ufaransa ilipoanguka, wanajeshi wa anga wa Poland waliokuwa wamekimbia nchi yao, kisha wakaikimbia na Ufaransa, walifika Uingereza wakiwa hawajui Kiingereza, wamezoea kupima kwa mita na kilomita, na wengine wamezoea mkono wa mafuta unaovutwa pale ambapo Mwingereza anausukuma. Waingereza wakawatazama kwa mashaka. Halafu tarehe 30 Agosti, kikosi namba 303 kikiwa bado mazoezini kutoka uwanja wa ndege wa Northolt, Ludwik Paszkiewicz akaona ndege za adui, akaacha mazoezi akaifuata moja na kuiangusha. Kesho yake kikosi kikaingizwa vitani rasmi. Mpaka vita vile vya anga vinakwisha, 303 ilikuwa imedai ndege 126, na ingawa wanahistoria wameipunguza hesabu hiyo baadaye, bado ni miongoni mwa vikosi vilivyofanya makubwa kuliko vyote. Paszkiewicz mwenyewe hakuumaliza mwezi wa Septemba. Marubani Wapolandi waliopigana wakati ule walikuwa 145, na ukisikiliza kwenye kumbi za kanisa za Wapolandi hapa Uingereza utadhani walikuwa 14,500, kila mmoja ameacha wajukuu.

Hapo ndipo nilipogundua shimo la kwanza kwenye hadithi yetu, na nilihitaji kalenda tu kuligundua. Mwaka 1940 kijana wetu alikuwa anakata magogo Arkhangelsk. Hakuna namna angekuwa Northolt. Nikamwambia mume wangu. Akafikiri kidogo akasema, "Basi aliruka baadaye." Sawa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Lista Krzystka. Hii ni orodha ya watu waliotumikia jeshi la anga la Poland nchini Uingereza kati ya 1940 na 1947, imepewa jina la Tadeusz Krzystek aliyeikusanya miaka na miaka, na sasa iko kwenye mtandao, bure. Ina watu wapatao 17,000. Kama una ndugu wa namna hii anza hapo, na usianze na jina, anza na namba. Majina ni mateso. Dada ni -ska, kaka ni -ski, na ukitafuta kaka kwa jina la ubini la dada hutapata kitu. Halafu kuna ile herufi ya l yenye mkwaju, ambayo karani Mwingereza aliisikia kama w akaiandika kama l au t, kutegemea ameamkaje. Sisi ambao babu zetu waliandikwa "Palanjo" na "Palangio" kwenye daftari moja la kodi tunaelewa. Namba haina lafudhi. Maafisa wengi wana namba yenye P mbele. Askari wa kawaida na wasio maafisa namba zao zinaanza na 78, 79 au 70. Yetu, ile ya kwenye jiwe, ilianza na 70.

Alikuwepo. Jina, namba, cheo, tarehe ya kifo, Newark. Nilipiga ukelele mdogo wa shangwe saa tisa usiku, mzee mmoja chumba cha tatu akaniuliza kama moto umewaka.

Cheo kilikuwa "kpr." Hapa ikazuka furaha ya siku mbili kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shemeji alitangaza kwamba mjomba alikuwa kapteni. Mama mkwe akamrekebisha: kapteni ni "kpt." Herufi moja. "Kpr." ni kapral, koplo. Furaha ikapungua lakini haikufa, kwa sababu jeshi la anga la Poland lilikuwa na marubani wengi wasio maafisa, na koplo rubani halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa na mambo. Orodha ilisema 1922. Babcia alisema siku zote kaka yake alimzidi miaka minane, yaani 1924. Nikaenda kwenye Indeks Represjonowanych, hifadhidata ya raia wa Poland walioteswa na utawala wa Kisovieti, nikaikuta familia nzima imepangwa pamoja, baba, mama, watoto, wote wamepelekwa Februari 1940, na yeye ameandikwa 1924. Alijiongezea miaka miwili stesheni pale Uzbekistan. Vijana wengi walifanya hivyo. Jeshini kulikuwa na chakula.

Basi, kikosi gani? Orodha haikunipa. Picha ndiyo iliyonipa.

Ni picha ndogo, imekunjwa kona. Vijana sita wamekaa kwenye kitoroli kirefu chenye magurudumu madogo, wamevaa makoti mazito, wanacheka. Nyuma yao ni ubavu wa ndege kubwa sana, na kwenye ubavu huo zinaonekana herufi mbili: BH. Miaka yote ile familia ilitazama nyuso. Mimi usiku mmoja nikatazama herufi. Kila kikosi cha Uingereza na washirika wake kilikuwa na herufi zake mbili ubavuni mwa ndege. RF ni 303, ile ya sifa. NZ inawapoteza watu wengi, wanadhani ni New Zealand, kumbe ni kikosi namba 304 cha Wapolandi. BH ni 300.

Nikashusha pumzi. Kikosi namba 300, kilichoitwa cha Nchi ya Mazowsze, hakikuwa cha ndege ndogo za kupigana angani. Kilikuwa cha mabomu. Kiliundwa Bramcote mwezi Julai 1940, kwanza kabisa kati ya vikosi vya Wapolandi Uingereza, kikapitia Swinderby, Hemswell na Ingham, vyote katika wilaya yetu hii ya Lincolnshire iliyo tambarare kama meza, na mwezi Machi 1944 kikahamia Faldingworth kupokea ndege za Lancaster. Faldingworth! Napita njia ya kwenda huko nikienda kununua mayai. Ndege ya picha ilikuwa Lancaster, injini nne, watu saba ndani. Kwa hiyo hapakuwa na Spitfire, wala Hurricane, wala kuangusha Mjerumani.

Nilichelewa kuiambia familia. Nilitaka kuwapa kitu cha kushika mkononi, siku na safari.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kule Kew, ina vitabu vya kila kikosi vya vita ile, kwenye jalada linaloitwa AIR 27, na unaweza kuvipakua mtandaoni. Kuna fomu 540, ambayo ni muhtasari wa siku: hali ya hewa, wageni, misa, mechi. Na kuna fomu 541, ambayo ndiyo kila mtafutaji anaikimbilia: kila ndege iliyoruka, namba yake, majina ya waliokuwemo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Mahali pa saa ya kurudi pakiandikwa kwamba ndege haikurudi, unakuwa umempata mtu wako.

Nilisoma fomu 541 za kikosi namba 300 kuanzia Aprili 1944, Lancaster zao zilipoanza kazi, hadi Februari 1945. Jina kwa jina. Ukisoma hivyo unayaona mambo usiyoyatafuta. Unaona majina ya -ski na -wicz yanavyopungua, na katikati yake wanaanza kujitokeza kina Smith na Jones, kwa sababu Wapolandi wa kurusha walikuwa wameisha na ilibidi waazimwe Waingereza. Unaona Agosti 1944, wakati Warszawa imeasi na inaungua, na ndege za Wapolandi wachache walioko Italia, wa kitengo namba 1586, zinavuka Ulaya usiku kuwadondoshea waasi silaha, watu wa Faldingworth wanaendelea kutumwa Ufaransa na Ujerumani kana kwamba hakuna jambo. Kwenye fomu hakuna neno la malalamiko. Fomu haina nafasi ya malalamiko.

Jina letu halikuwemo. Hata mara moja. Nikarudia, nikidhani nimesinzia. Nikatafuta kwa -ski, kwa -sky, kwa makosa yote ambayo karani angeweza kuyafanya. Nikaenda na Northolt, pembeni mwa London, kwenye mnara wa Wapolandi wa jeshi la anga, uliozinduliwa mwaka 1948, majina ya waliouawa yamechongwa ukutani. Mume wangu alitembeza kidole juu ya herufi yetu mara mbili. Hakuwemo. Tulirudi Lincoln hatuongei. Nadhani mwenzangu alianza kuogopa kwamba hayupo kabisa, kwamba Babcia alitunga. Mimi nilianza kuelewa, ila sikutaka kuwa wa kwanza kusema.

Nikaomba kadi yake ya utumishi. Kwa miaka mingi kumbukumbu za wanajeshi wa Poland waliokuwa chini ya Waingereza zilitunzwa na Wizara ya Ulinzi, na kwa marehemu ndugu aliruhusiwa kuomba. Aliyesaini ombi ni mama mkwe, ndiye ndugu wa damu wa karibu. Tukatuma namba, cheti, fomu, tukasubiri. Wakati huo huo niliandika barua kwa Taasisi ya Sikorski, jengo lile la Prince's Gate, London, ambako zimehifadhiwa nyaraka za jeshi la Poland uhamishoni, zikiwemo kumbukumbu ambazo vikosi vyenyewe viliziandika kwa Kipolandi. Hizi ni tamu kuliko fomu za Waingereza. Zina vichekesho na picha. Na zinawataja watu ambao fomu 541 haina habari nao.

Kadi ilifika kabla. Nakala za kurasa chache, mwandiko wa watu wanne tofauti. Kufika Uingereza kwa meli, mwishoni mwa 1942. Blackpool, mji wa ufukweni ambako Wapolandi wa jeshi la anga walipokelewa na kufundishwa. Kozi. Faldingworth, Machi 1944. Na kwenye mstari wa kazi yake, neno moja la Kiingereza ambalo nililazimika kulitafuta kwenye kamusi, kisha nikalisoma tena pembeni yake kwa Kipolandi: zbrojmistrz.

Fundi silaha.

Alikuwa anapakia mabomu. Kile kitoroli walichokalia pichani ndicho walichobebea. Picha ilikuwa imelisema hilo miaka sabini na kitu.

Nimejitahidi kujua kazi hiyo ilikuwaje, na nawaambieni haikuwa ya mchezo. Lancaster moja ilibeba tani sita za mabomu na zaidi. Lile kubwa la mviringo kama pipa lilikuwa na karibu kilo 1,800 peke yake. Mabomu yalitolewa ghalani, mbali na majengo, yakavutwa kwa trekta hadi ilipo kila ndege, na ndege zilitawanywa uwanja mzima ili zisiteketee pamoja. Yakapandishwa tumboni kwa winchi, moja moja, watu wakiwa wameinama chini yake. Mikanda ya risasi ikapangwa kwenye minara ya bunduki. Yote hayo nje, hakuna paa, na Lincolnshire mwezi wa Januari upepo unatoka baharini na hausimamishwi na kitu. Ikija amri kwamba shabaha imebadilika, unashusha vyote unaanza upya. Jioni zinaruka. Usiku unasubiri. Zikirudi unapanda kutoa yaliyokwama.

Ukurasa wa mwisho wa kadi ni hospitali. Novemba 1944 anaingia, Desemba anatoka, Januari anarudi. Kifua kikuu. Wengi wa waliopitia Arkhangelsk walibeba kifua kibovu. Alifariki Februari, mwezi ule ule ambao Churchill, Roosevelt na Stalin walikaa Yalta na kukubaliana kwamba mashariki ya Poland, pamoja na kijiji chake, inakwenda kwa Urusi. Sijui kama habari ilimfikia kitandani. Wenzake iliwafikia. Walipopewa mabomu ya kupakia wiki ile waliyapakia.

Nilirudi kwenye kopo nikazisoma barua tena, safari hii na kamusi, neno kwa neno, badala ya kumwachia mama mkwe anitafsirie kwa kichwa. Barua ya mwaka 1943, iliyoandikwa kwenda Tengeru, inasema "jestem lotnikiem". Mama mkwe amekuwa akisoma hapo "mimi ni rubani" tangu akiwa msichana. Nikamuuliza: lotnik ni rubani tu? Akakaa kimya. Akasema hapana, lotnik ni yeyote wa jeshi la anga, hata mpishi anaweza kusema mimi ni lotnik, rubani hasa ni pilot. Ni kama kwetu mtu akisema mwanangu yuko bandarini. Hasemi uongo. Anakuacha wewe umkalishe kwenye kiti unachokitaka.

Na ile taarifa ya kifo, iliyofika kambini miezi mitatu baadaye, inasema "zmarł". Wapolandi wana maneno mengine kwa aliyeuawa vitani: zginął, poległ. Zmarł ni kufariki, kama anavyofariki mtu kitandani. Neno lilikuwa hapo hapo, limepigwa chapa, na Babcia alikuwa anakijua Kipolandi kuliko sisi sote.

Nimefikiri sana juu ya mtoto wa miaka kumi na tatu chini ya mlima Meru, amezungukwa na wasichana wenzake ambao kila mmoja ana baba au kaka vitani, Monte Cassino huyu, Tobruk yule. Wewe kaka yako je? Lotnik. Mimi ningesema hivyo hivyo, na ningenyoosha mikono kuonyesha mabawa.

Kuiambia familia nilisubiri tarehe 1 Novemba, siku Wapolandi wanapokwenda makaburini jioni na kuwasha mishumaa kwenye vikopo vya vioo vyekundu. Newark siku hiyo inawaka mstari mzima. Tulikuwa wanne kwenye safu ya nyuma, baridi kali, nikawaeleza pale pale mbele ya jiwe, nimeshika kadi mkononi. Shemeji alisema, "Kwa hiyo hakuruka." Nikasema hakuruka. Akatazama jiwe kwa muda, akasema bila wapakiaji hakuna anayeruka kwenda popote, na nikaona ameshaanza kuitengeneza hadithi mpya, na sikumlaumu. Krismasi iliyofuata mjomba alikuwa amepakia mabomu yote yaliyoangushwa Berlin.

Mama mkwe hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye gari. Alikuwa na kile kijiko mkobani, nilikuwa sijui kama amekuja nacho. Akafunga mkanda, akakaa, kisha akaniuliza: zile ndege alizozipakia, zilirudi ngapi?

Nilikuwa nimezisoma fomu zile mara mbili nikitafuta jina moja tu, na swali hilo halikuwa limenijia. Nimeanza upya, kuanzia Aprili 1944, daftari pembeni, mistari miwili: zilizoondoka, zilizorudi. Usiku wa juzi nilifika Agosti.